Filta gani na samaki gani kwa tanki la lita 160? Maji yangu ni ya kisima (Dar)

#1 Kimara_Kwetu (mtoa mada)

Wakuu heshima kwenu. Mwenzenu nina msiba sebuleni.

Mwezi uliopita nilitengenezewa tanki la kioo, urefu mita moja, upana sentimita 40, kimo 40, yaani lita 160 ukijaza mpaka juu. Nikaosha, nikaweka kokoto, nikajaza maji, kesho yake Jumamosi nikaenda dukani nikarudi na samaki 14: goldfish wanne, neon sita, angel wawili na oscar wawili wadogo kama kidole. Muuzaji akaniambia hawa wote wanaishi pamoja hawana shida, we wape chakula tu. Filta akanipa kale ka kuzama kanakobandikwa kwenye kioo.

Siku tatu za kwanza raha tupu, mtoto hataki hata katuni. Siku ya nne maji yakawa meupe kama yaliyooshewa mchele, goldfish wote wamepanda juu midomo nje wanahema kama mtu aliyekimbiza daladala. Neon wakaanza kupauka mmoja mmoja. Jumapili ya wiki iliyofuata nahesabu wamebaki watatu, oscar wawili na goldfish mmoja. Wife alikuwa kanyamaza muda wote ila jana kaniuliza, hivi kwa hela ile si tungenunua sato tukala?

Maji natumia ya kisima. Birika letu lina ukoko mweupe kwa ndani, na sabuni haitoi povu mpaka uibembeleze. Vikaratasi vya kupimia pH (kipimo cha asidi kwenye maji) vinasema 8.2. Umeme mnajua wenyewe.

Naomba ushauri, filta ipi? Jamaa mmoja anataka kuniuzia kanista (ile filta ya chombo kilichofungwa inayokaa nje ya tanki) kwa nusu mshahara wangu, mwingine anasema filta ya sponji ya bei ya kuku wa kienyeji inatosha. Na samaki gani wataishi kwenye maji haya nisije nikazika tena?

#2 Panzi_Mweupe

Pole mkuu. Goldfish, neon na oscar tanki moja, hapo hukununua samaki umenunua ugomvi 😂 Ngoja waje wenyewe, nimekaa pale.

#3 Babu_Sponji

Mtoa mada pole sana, na usiivunje hiyo filta kwa hasira. Samaki wako wamekufa kwa mkojo wao wenyewe, na sitanii.

Samaki anatoa amonia muda wote, nyingi inapitia kwenye matamvua wala sio kwenye kinyesi, na chakula kilichobaki kikioza nacho kinatoa amonia. Ziwani hiyo ni tone baharini ila kwenye lita 160 zenye samaki 14 ni sumu. Sasa filta watu wanadhani ni ungo, inanasa uchafu basi. Kazi yake kubwa ni kuwa nyumba ya bakteria. Kuna wanaokula amonia wanatoa naitraiti, hiyo nayo ni sumu, halafu kuna wengine wanakula hiyo naitraiti wanatoa naitreti ambayo samaki anaivumilia isipozidi, na hiyo ya mwisho ndo unaitoa mwenyewe kwa kubadilisha maji kila wiki. Hao bakteria hawapo kwenye boksi la filta ulilofungua. Wanakuja wenyewe na kuzaliana taratibu, wiki nne mpaka sita. Wewe umeweka samaki siku ya pili, yaani umehamisha familia kwenye nyumba ambayo choo bado hakijachimbwa.

Halafu kilichokumaliza zaidi ni hiyo 8.2. Amonia ina sura mbili majini, moja ina nafuu na nyingine ndo inaua, na pH ndo inaamua ipi iwe nyingi. Kwenye maji ya joto la 25, pH ikiwa 7 ile inayoua haifiki hata asilimia 1 ya amonia yote, pH 8 inakuwa kama asilimia 5, pH 9 inapita theluthi. Kwa hiyo mwenzako mwenye maji laini angeweza kufanya kosa kama lako akapoteza wawili watatu, wewe ukafagiliwa.

Sasa filta. Kwa lita 160 na umeme wetu huu mimi nakushauri sponji mbili kubwa, moja kila kona, na pampu moja ya hewa yenye matundu mawili. Inavyofanya kazi ni kitu cha kijinga kabisa: hewa inashuka kwa mpira mwembamba, mapovu yakipanda ndani ya bomba yanavuta maji yapite kwenye sponji, basi. Ndani ya maji hakuna mota ya kuungua, hata kitoto cha samaki hakivutwi ndani. Pampu ya wati 5 ikiwaka mwezi mzima inakula kama uniti 3.6 za LUKU. Piga hesabu ya kanista ya wati 20 uone, inapita uniti 14.

Ila pampu ya hewa iweke JUU kuliko maji, au weka valvu ya kuzuia maji yasirudi. Umeme ukikatika maji yanapanda kwenye mpira yanarudi mpaka kwenye pampu, na kama pampu iko chini tanki linajimwaga taratibu usiku kucha. Mi niliamka asubuhi nikakanyaga zulia likalia chwaa.

Na sponji usiifulie bombani. Klorini ya maji ya bomba ipo kwa ajili ya kuua bakteria, haijui kama wa kwako ni wazuri. Wewe wa kisima una nafuu hapo lakini kanuni ni ileile, chukua ndoo, toa maji ya tanki, kamulia humo mara mbili tatu, maji yatakuwa kama chai ya maziwa, rudisha. Ikiwa safi inang'aa ujue umerudi siku ya kwanza.

#4 Kanista_Kwanza

Babu nakuheshimu ila kwenye sponji tutagombana. Sponji inafuga bakteria sawa, lakini uchafu haiutoi, unabaki humohumo tankini unazunguka tu. Mimi nina mbuna, wale samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa, wanakula kama wako harusini na wanajisaidia kama wanalipwa. Ukitaka kuwafuga unahitaji maji yazunguke kwenye filta mara nane mpaka kumi kwa saa, kwa lita 160 hiyo ni pampu ya lita 1,300 kwenda juu. Sponji itafika huko lini?

Kanista unapanga mwenyewe ndani: sponji ya matundu makubwa, kisha ya matundu madogo, kisha zile ringi za kauri ambazo kipande kimoja kina vijishimo kibao vya bakteria kukaa. Inakaa kabatini chini huoni kitu. Tanki langu ukiangalia utadhani samaki wanaelea hewani.

#5 Babu_Sponji

Kanista nilikuwa nayo usinifundishe. Umeme ulikatika saa moja jioni ukarudi alfajiri. Kile ni chombo kimefungwa, maji hayapiti, bakteria wanamaliza oksijeni iliyomo ndani wanaanza kufa, na ule uchafu wote unaojisifia nao unaoza humo. Umeme uliporudi pampu ikasukuma ule uozo wote tankini kwa mkupuo, maji yananuka mayai viza. Nimetoka msalani nakuta duboisi tisa, wale samaki wa Ziwa Tanganyika, wameshageuza tumbo. TISA. Kila mmoja nilimlea tangu ana madoadoa meupe ya utotoni.

Sponji iko wazi humohumo ndani, umeme ukikata inakaa na maji yaleyale wanayohemea samaki. Na kuna pampu ndogo za hewa za kuchaji, umeme ukikatika inawaka yenyewe. Ninayo moja, ikianza kunguruma usiku ndo najua mtaa mzima kiza.

#6 Kanista_Kwanza

Hapo kwenye umeme nakupa. Lakini dawa yake ipo, ukikaa bila umeme masaa mengi usiiwashe kabla ya kuifungua, mwaga maji ya ndani, suuza kwa maji ya tanki ndo uwashe. Na mimi nina inveta. Pole kwa duboisi aisee.

Basi tumalize hivi, mwenye hela na inveta kanista PAMOJA na sponji moja. Asiye na inveta sponji mbili. Hicho ka-filta kako ka kuzama mtoa mada usikitupe, kiache kinase takataka, kila wiki unakikamua.

#7 Ujiji_Mwambao

Nimesoma uzi wote mnagombania filta hakuna aliyemwambia huyu ndugu kitu cha maana. Jamani mtu ana maji ya pH 8.2, magumu, ya joto, na yuko Tanzania! Hayo ni maji ya nyumbani kwetu. Ziwa Tanganyika pH yake ni 8.6 mpaka 9 na ushee, na lina madini mengi. Wazungu wananunua chumvi za pakiti ili maji yao yafanane na haya ambayo wewe unaoshea vyombo na kulalamika sabuni haitoi povu.

Neon ni wa Amazon, maji laini yenye asidi, umemtoa peponi umempeleka jangwani. Goldfish anataka ubaridi na nafasi, anafika sentimita 20 na zaidi, ni mchafu kama nguruwe. Oscar huyo unayemuona kidole anafika 30, na kila kinachoingia mdomoni ni msosi. Hao wote dukani wanauzwa wakiwa watoto, hakuna anayekuonyesha baba yake.

Kwa mita moja ya tanki mimi ningeweka multi. Jina lake refu ni Neolamprologus multifasciatus, dume halifiki hata sentimita 5, jike kama 3, ana mistari ya rangi ya kahawa, ukimuona mara ya kwanza utasema kasamaki gani haka. Subiri sasa. Anaishi ndani ya gamba la konokono. Kule ziwani sehemu nyingine chini kumejaa magamba matupu na kila gamba lina mwenyewe. Unamuwekea mchanga laini wa sentimita 5 hivi, unatupia magamba ishirini thelathini, na yeye anaanza kazi, anachota mchanga kwa mdomo anatema pembeni, anachota anatema, mpaka gamba limezama mlango tu ndo unaonekana juu. Ukipitisha kidole anakuja kukipiga kichwa. Kitu kidogo hivyo!

Magamba unatafuta ya konokono wa bustanini wale wa wastani, unachemsha, unasugua vizuri ndani kusibaki nyama. Hata ya baharini yanafaa kwa tanki hili, yanaongeza ugumu wa maji na samaki hawa wanapenda hivyo.

Upande mwingine wa tanki panga mawe mpaka karibu na juu uweke julidochromis wawili, wanakaa kwenye nyufa za mawe wala hawashuki mchangani kusumbua wenzao. Mawe yakae juu ya kioo chenyewe ndo umwage mchanga pembeni, ukiyapanga juu ya mchanga wachimbaji watayaangusha.

Usidanganywe ukauziwa frontosa kwa tanki hilo, yule anafika 30 naye. Na duboisi ni wa kundi, kumi na mbili kwenda juu, anakula mwani, ukimpa vyakula vya nyama anavimba tumbo anakufa, tanki lako ni dogo kwake. Babu samahani lakini.

Na asije mtu akakuletea kuhe 😂 Kwetu kuhe tunamla. Ndiye mkubwa kuliko siklidi wote duniani (ukoo wa kina multi, oscar, mbuna na sato), huyo hafugwi sebuleni.

#8 Babu_Sponji

Samahani ya nini, ni kweli. Nilikuwa na lita 350.

#9 Maze_wa_Southi

Mimi niko Nairobi na hii story ya maji ngumu imenifungua macho. Huku kwetu maji ya mfereji nyingi inatoka bwawa la Ndakaini, ni laini, neon wangu wako sawa mwaka wa pili sasa, ni wale mbuna nilijaribu wakakuwa wananyauka tu. Kumbe nilikuwa nafanya opposite ya huyu jamaa. Lakini Julai huku bila hita samaki inakaa tu chini imeganda kama mtu wa matatu ya saa kumi na moja asubuhi. Nyinyi watu wa Dar hita mnatumia?

#10 Kanista_Kwanza

Hita Dar? 🤣 Februari tanki langu linasoma 31 bila kuwasha kitu. Sisi shida yetu ni kinyume, maji yakipata joto yanashika oksijeni kidogo. Nyuzi 20 yanabeba kama miligramu 9 kwa lita, nyuzi 30 yanabaki saba na nusu. Ndo maana samaki wa huku wanahemea juu haraka. Hapo nakubali mapovu ya Babu yana kazi.

#11 Dada_wa_Molly

Kaka Kimara mimi naomba nikuongezee la bei rahisi kabla hujafika Kigoma. Guppy na molly. Wote wanapenda maji magumu, na hawatagi, wanazaa watoto wanaoogelea palepale. Ila ukianza na jike na dume wa guppy baada ya miezi michache una ukoo, mimi nimegawa mpaka nimekimbiwa, majirani wakiniona na mfuko wa nailoni wanafunga geti.

Na usimwage mtoni au kwenye mfereji samaki waliokushinda jamani. Sangara aliwekwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na kitu, waulizeni watu wa Mwanza na Kisumu furu wao wadogo wako wapi.

#12 Kimara_Kwetu (mtoa mada)

Nimesoma yote mpaka nimechelewa kazini. Nimeamua sponji mbili na multi. Maswali:

1. Nianzeje sasa hivi, nimwage maji yote?
2. Hawa oscar wawili na goldfish nifanye nini?
3. Fundi aliyetengeneza tanki katumia kioo cha milimita 6, nimesikia mtu anasema kitapasuka.

#13 Fundi_Silikoni

Nijibu hilo la 3. Kimo cha 40 milimita 6 inahimili, ila lazima juu kuwe na mikanda ya kioo, ile vipande vinavyolala kwa ndani kwenye ukingo, na mmoja katikati unaofunga mbele na nyuma. Kama haina rudi kwake akuwekee. Muulize na silikoni aliyotumia, ile ya bafuni ya kuzuia ukungu ina dawa ndani inaua samaki. Ya kawaida ikiwa mbichi inanuka siki, ikiisha harufu kabisa ndo ujaze maji.

Halafu meza. Lita 160 ni kilo 160, ongeza kioo mchanga na mawe umepita kilo 200. Usiweke kwenye ile meza ya tivii ya mbao za kubandika, na chini ya tanki tandika kipande cha foamu, kinyume na hapo kokoto moja tu inatosha kupasua.

#14 Babu_Sponji

Kokoto toa, weka mchanga. Maji badilisha karibu yote maana hayo yameshachafuka. Sponji zako mbili washa, halafu tafuta mtu mwenye tanki la zamani lenye samaki wazima akugawie maji ya kukamulia sponji yake, ule uchafu wa rangi ya chai mimina kwenye tanki lako. Utaona kichefuchefu lakini hiyo ndo mbegu. Mimi niko Tabata kama unaweza kufika, njoo inbox. Bado utasubiri, lakini badala ya wiki sita unaweza kumaliza kwa mbili tatu.

Wakati unasubiri hao bakteria wanataka kula, dondosha chakula kidogo cha samaki kioze. Nunua kipimo cha matone cha amonia na naitraiti, achana na vikaratasi kwa hilo. Dondosha chakula leo, kesho amonia isome sifuri, naitraiti isome sifuri, hapo weka samaki. Wachache, usirudi na kumi na nne.

#15 Panzi_Mweupe

Oscar nipeni mimi, nina tanki la lita 500 lina kambare mmoja tu mwenye kiburi.

#16 Kimara_Kwetu (mtoa mada)

MREJESHO. Wiki ya saba leo.

Babu nilimfuata kweli Tabata, akanikamulia sponji yake kwenye dumu la lita 5, nikarudi nalo kwenye mwendokasi nimelipakata kama mtoto, abiria wa pembeni akaniuliza hiyo ni dawa ya kienyeji? Nikamwambia ndio.

Amonia ilipanda siku tano ikashuka, naitraiti ikapanda ikagoma kushuka karibu wiki mbili nikataka kukata tamaa, siku ya 19 nadondosha matone rangi haikubadilika, bluu tupu ya angani. Nikaita wife aje aone. Akasema ni maji. Nikamwambia ndio ni MAJI.

Nikaweka multi nane tu. Siku ya kwanza hawakuonekana kabisa, nikajua nimeibiwa. Siku ya pili nimekaa nimetulia na chai naona mchanga unaruka wenyewe kama kuna mtu anafagia, kumbe jamaa amezika gamba lake robo tatu na bado anachimba. Kila mmoja kachagua gamba lake, kuna mmoja mkorofi ana magamba manne na hataki mtu apite.

Umeme ulikatika juzi usiku masaa matano. Sikuwa na ile pampu ya kuchaji bado, nimekaa na tochi ya simu nachungulia kila nusu saa kama muuguzi wa zamu. Hakufa hata mmoja.

Jana asubuhi mtoto kaniita kwa kelele. Kwenye mlango wa gamba la pembeni kuna vitu kama nukta za kalamu, vinane au tisa, vinaruka ruka, ukisogea vinaingia ndani. Sijaviwekea chakula chochote cha ziada. Ujiji naomba uniambie vinakula nini.

Goldfish yule mmoja aliyebaki alikuwa kwenye ndoo ya lita 20 na jiwe la hewa wiki zote hizo, amechukuliwa na mwalimu wa shule ya mtoto mwenye bwawa. Panzi oscar wako wamefika salama?

#17 Ujiji_Mwambao

Hongera baba mapacha. Hivyo vinakula vijidudu na ukungu wa kwenye mchanga na magamba, we saga chakula cha kawaida kwa vidole mpaka kiwe vumbi, dondosha kidogo mara mbili kwa siku karibu na gamba lao. Usihamishe gamba hata kama unatamani kuona. Na yule mwenye magamba manne mwongezee mengine, atakuwa ni dume anawatunzia wake zake.

#18 Panzi_Mweupe

Wamefika. Mmoja kashamng'ata kambare sharubu.